Nani Anaamka wa Kwanza Siku ya Sikukuu?

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi wa darasa la awali kwenye kikao cha kufunga shule, hapa Temeke, Dar es Salaam, mwanzoni mwa Desemba. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema.

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, na nyinyi wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Mabibi na mababu mliokaa pale mbele, shikamooni.

Wiki iliyopita watoto wenu walikuwa wanarudi nyumbani na mchanga mifukoni, mikono inanukia karafuu, na daftari jeupe. Simu zilipigwa. Mama mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, tangu Jumatatu daftari la mwanangu halijaandikwa hata a-e-i-o-u. Kuna nini huko?" Nikamwomba asubiri kikao. Naona amekuja, nashukuru sana mama. Jibu langu ni refu kidogo, naomba mnivumilie.

Ilikuwa Wiki ya Sikukuu. Tulizichukua zile siku zilizochapwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda za ukutani, tukazifanya somo: Idi, Krismasi, Muungano, Uhuru, Saba Saba. Tulifanya hivyo kwa sababu mtoto wa miaka mitano sikukuu anazijua. Ukimwambia leo tunajifunza vipimo, anakutazama tu. Ukimwambia leo tunapima mchele wa Idi, anakaa mbele.

Lakini nianze na kosa langu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafundisha shule nyingine, na huko nako tulikuwa na wiki kama hii. Tuliomba mchango wa shilingi elfu kumi kwa kila mtoto. Tukanunua keki, maputo, na mti wa plastiki, na mimi kwa mikono yangu nikachana pamba ya dukani nikaitandaza kwenye matawi iwe theluji. Asubuhi mtoto wa kike akausogelea ule mti, akaushika pole pole, akaniuliza, "Mwalimu, mti umeumia wapi?" Pamba yeye alikuwa ameiona zahanati tu. Sikuwa na jibu. Na siku ya keki yenyewe watoto tisa hawakuja. Nilidhani wanaumwa. Baadaye nikakutana na bibi wa mmoja wao sokoni, akaniambia, "Mwalimu, elfu kumi sikuwa nayo, nikaona bora mjukuu wangu abaki kuliko akae awatazame wenzake wanakula." Maneno yale nimetembea nayo mpaka leo. Ndiyo maana safari hii hatukuomba hata shilingi. Tuliomba kopo tupu la nyanya, basi.

Sasa Jumatatu. Tulikaa mkekani kwa mduara, watoto 64 na walimu wawili. Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sisi tuko hivi tulivyo, na mduara wetu unagusa kuta. Nikauliza swali ambalo nimeliuliza miaka yote: "Siku ya sikukuu mnapata nini?" Mikono ikapanda. Nguo mpya! Viatu vya kuwaka taa! Soda! Kwenda Coco Beach! Kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake. Upande wa dirishani nikamwona mtoto mmoja wa kiume anakunja ncha ya mkeka, anaikunjua, anaikunja tena. Nikamwita. Akasema, "Kwetu sikukuu hamna." Wenzake wakacheka.

Wakati wa uji nikakaa naye kwenye ngazi. Sikumuuliza habari za sikukuu tena, nikamuuliza tu siku ile ya Idi mama alikuwa anafanya nini. Hapo akafunguka. Mama anaamka saa tisa usiku. Anakanda unga kwenye beseni la bluu. Umeme ukikatika, mtoto ndiye anashika tochi ya simu. Mama anakata maandazi, anayapanga kwenye kitambaa, halafu anatupia kipande kidogo kwenye mafuta kuona kama yamepata moto. Akanionyesha kwa kidole namna kipande kinavyozama, kinavyoibuka, kinavyogeuka chenyewe. "Halafu watu wanakuja na vyombo, wengi, mpaka jua linatoka. Halafu mama analala."

Ndugu zangu, maandazi yaliyoliwa asubuhi ya Idi kwenye nyumba nyingi za mtaa huu yalitoka kwenye beseni lile la bluu. Na mtoto wa mwenye beseni alikuwa anaamini kabisa kwamba kwao sikukuu hamna. Aliamini hivyo kwa sababu ya swali langu.

Jumanne nikabadilisha swali. Nikauliza: "Siku ya sikukuu, nyumbani kwenu nani anaamka wa kwanza, na anafanya nini?" Hakukosekana mtoto wa kujibu. Bibi, anawasha jiko la mkaa. Baba, ni dereva wa daladala, anatoka kabla ya adhana kwa sababu siku hiyo abiria ni wengi. Dada, anapiga pasi kanzu za watu watano. Shangazi, anasuka watoto wa nyumba nzima, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho anasinzia anasukwa. Yuko mtoto ambaye dini ya kwao haisherehekei siku yoyote kati ya hizi, na nilikuwa naogopa zamu yake. Akasema, "Baba. Anarudi kutoka lindo na mkate." Na yule wa beseni la bluu alisimama, akasimulia mpaka tochi, na darasa lilinyamaza kumsikiliza.

Nimewaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mengine yote tuliyofanya wiki ile yalitokana na swali hilo.

Idi tuliingia kwa mlango wa jikoni. Waislamu mnajua: kabla ya swala ya Idi al-Fitri kila nyumba inatoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba hiyo, mkubwa na mdogo. Mwalimu mwenzangu alileta pishi ya mbao ya marehemu babu yake, imechakaa mdomoni kwa kusawazishwa kwa kiganja miaka na miaka. Vibaba vinne ndiyo pishi moja. Hesabu hiyo wazee wetu wa pwani walifanya nayo biashara kabla kilo haijafika. Makopo ya nyanya tukayafanya vibaba, mchanga ukawa mchele, kazi ikaanza. Moja, mbili, tatu, nne. Imejaa? Mmoja anasema imejaa, mwingine anasema bado. Binti mmoja ambaye mama yake anauza mkaa kwa kopo na kwa kisado akasimama mikono kiunoni, akasema haijajaa mpaka iwe na mlima juu, la sivyo mteja anaondoka. Mwingine akasema bibi yake anapitisha mkono juu ili iwe sawasawa. Wakabishana kwa hoja, watoto wa miaka mitano, juu ya kipimo cha haki. Mimi nilikaa kimya, nikaona raha.

Halafu kila mtoto akahesabu watu wa nyumbani kwake na kuweka kizibo kimoja cha soda kwa kila mtu. Mmoja aliweka saba, akafikiri, akaongeza cha nane. Nikamwambia hebu nitajie. Akataja saba kwa majina. "Na wa nane?" "Yuko tumboni." Nikakiacha kizibo pale pale.

Mtoto wa Kikristo akauliza ule mchele unapelekwa kwa nani. Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Kwa watu ambao hawana, na wao wale sikukuu." Yule aliyeuliza akasema, "Hata kanisani kwetu tunapelekaga." Hapo naomba niseme jambo kwa baba mmoja aliyenifuata akiwa na wasiwasi kwamba tunawafundisha watoto ibada za dini nyingine. Hapana, baba. Ibada ina walimu wake na kipindi chake. Sisi tunamuuliza kila mtoto kwao wanafanya nini, na wenzake wanasikiliza. Hakuna mtoto aliyeimbishwa wimbo wa ibada usio wa kwao.

Mwezi nao. Wiki ile tuliichagua makusudi kwa sababu mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Nawashukuru wote mliotoka nao nje baada ya magharibi, mkawaacha wachore walichokiona kwenye vipande vya boksi. Jumatatu walileta uzi mwembamba, kama ukucha. Jumanne umenenepa kidogo. Jumatano mawingu ya vuli yalifunga, na nilidhani watarudi mikono mitupu, lakini walileta maboksi yaliyopakwa mkaa mweusi pande zote. "Mwezi umefunikwa." Ndipo nikawaeleza kwamba mwisho wa Ramadhani watu wazima nao wanasimama hivyo hivyo kutazama juu, na usipoonekana, mfungo unakamilishwa siku thelathini.

Mtoto akauliza kwa nini Krismasi haitafutwi. Swali zuri sana lile. Nikamwambia Krismasi ina tarehe yake, 25 Desemba, haihami. Idi inafuata mwezi wa angani, na mwaka wa mwezi una siku 354, kwa hiyo kila mwaka Idi inawahi kuliko ya mwaka uliopita kwa siku kama 11. Wao niliwaambia tu: Krismasi imekaa, Idi inatembea. Akasema, "Kwa hiyo inaenda kumsalimia." Nanyi wazazi mtakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 zilikutana kweli, ndani ya wiki moja. Kwa hesabu zitakaribiana tena Desemba 2033. Watoto hawa watakuwa sekondari, na nina hakika yule atakumbuka.

Krismasi sasa. Hapana pamba, hapana plastiki. Tulitoka nje. Mti uliopo pale uwanjani, huo mnaouona mwekundu wote, jina lake kwa Kiswahili ni mkrismasi, na umepewa jina hilo kwa sababu unachanua msimu huu. Asili yake ni Madagaska, lakini kwa watoto wa Dar es Salaam ndio mti wa Desemba: joto limepanda, vuli inamalizia, na chini ya mti pametandikwa zulia jekundu. Niliwapa kila mtoto ua moja lililoanguka nikasema waniambie wanachokiona. Nilitegemea waseme rangi. Baada ya muda binti mmoja akaniita, ameyachambua maua matatu na kuyapanga sakafuni. "Mwalimu, manne yanafanana, moja halifanani." Nimepita chini ya mti ule miaka mingapi, wazazi? Sikuwahi kuona. Kweli kila ua lina petali nne nyekundu tupu, na ya tano imesimama peke yake, ina weupe na madoadoa. Darasa zima likaenda kuhakikisha, ua baada ya ua, na kila ua likawa hivyo hivyo. Theluji tuliitaja, maana iko kwetu, iko kileleni Kilimanjaro. Tuliiacha huko huko.

Alhamisi ilikuwa Muungano. Baba mmoja anayefanya kazi kwenye boti za Zanzibar alituletea chupa ya mchanga wa Unguja, mweupe, laini kama unga. Mimi nilileta udongo mwekundu wa Kisarawe. Niliwaonyesha ile picha ambayo nyote mnaijua, Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964, kisha nikawaachia mabeseni. Walimimina maji kwanza, hilo sikuwaambia. Mchanga wa Unguja ukayanywa mara moja, udongo wa Kisarawe ukayashikilia juu. Wakafinyanga: mchanga peke yake ukabomoka, udongo peke yake ukanatia vidoleni. Wakachanganya, wakapata kitu kinachoshika. Vyungu vyao vidogo viko pale dirishani vinakauka, msivibebe bado.

Siku hiyo hiyo tulicheza mchezo wa pua. Mtoto anafungwa kitenge machoni, ananusishwa, anasema ni nini. Karafuu, ambazo kwa wingi zinatoka Pemba. Hiliki. Mdalasini. Bizari nyembamba. Pilipili manga, na chafya nyingi. Mdalasini hakuna aliyesema mdalasini. Mmoja alisema, "Chai ya bibi." Mwingine akasema, "Nyumbani, siku wageni wanakuja." Tulivichanganya vyote kwenye kinu, harufu ikapanda, na wote 64 wakapiga kelele, "Pilau!" Waislamu, Wakristo, na mtoto wa mlinzi. Hapo nilimpa kila mmoja neno la kupeleka nyumbani: jina la kiungo kimoja, na herufi yake ya kwanza.

Ijumaa ya Uhuru ilikuwa ya babu yetu huyu hapa, mlezi wa mmoja wa watoto. Alikubali kuja kukaa mkekani. Aliwaambia kwamba usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 alikuwa mtoto mdogo mabegani kwa baba yake, kwenye uwanja ule ule tunaouita leo Uwanja wa Uhuru, hapa hapa kwetu, taa zilipozimwa na bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na zilipowashwa ikaonekana ya Tanganyika. Watoto walimuuliza kama aliogopa giza. Akasema ndiyo, na kwamba alishika masikio ya baba yake. Tangu hapo hawakutaka kusikia habari nyingine, hata ya mwenge uliopandishwa Kilimanjaro usiku ule. Saba Saba, siku ya maonyesho ya biashara, tuliigusa kidogo mwishoni, kwa mchezo wa duka la vizibo. Muda haukutosha.

Mama wa daftari, sasa narudi kwako. Mtaala wa elimu ya awali unataka mtoto ajifunze kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa na dhana za mwanzo za hesabu, na unataka ajifunze hayo kwa michezo. Kuandika kumo. Lakini mkono unaoandika ni huu uliofinyanga udongo, ukachambua maua, ukaokota kizibo kimoja kimoja. Vidole vikiwa bado laini, ukivilazimisha penseli saa nzima vinachoka, na mtoto anaanza kulichukia daftari kabla hajalijua. Mwanao wiki ile amehesabu mpaka ishirini na mbili kwa vizibo vya nyumba tatu. Juma la kabla yake alikuwa anaishia kumi na mbili. Na jina lake ameandika mwenyewe kwa rangi kwenye kopo. Herufi ya pili imegeuka kinyume, itakaa sawa Januari.

Ombi langu kwa likizo hii ni moja. Krismasi inakuja, mwaka mpya unakuja. Mpeni mtoto kazi ya kweli siku hiyo: achambue mchele nanyi, apime maji kwa kopo lake, ahesabu sahani za wageni, ashike tochi. Mwambieni nani ameamka wa kwanza na kwa nini. Kama ni wewe unayekwenda kazini siku watu wanapumzika, muuguzi, dereva, mlinzi, mama wa maandazi, usimwambie mwanao kwamba kwetu mwaka huu sikukuu hamna. Mwambie unakwenda kufanya nini na ni nani atakayefurahi kwa sababu yako. Januari nitamuuliza, na nataka awe na la kusimulia kama wenzake.

Makopo yamepangwa pale mlangoni, kila moja lina jina. Chukueni ya watoto wenu mkitoka. La mwanao likiwa bado na mchanga ndani, umwage pale chini ya mkrismasi, maana ndipo tulipouchota.